Doa chini ya mkanda wa Jabari

Shoga, niko juu ya ngazi bado, miguu inatetemeka kwa kicheko.

Si unaijua ile dari ya maktaba ya shule niliyopewa kuchora nyota? Asubuhi nilikuwa namalizia Jabari, yule mwindaji wa angani, zile nyota tatu za mkanda wake zimenyooka kama nimepiga rula. Ndipo ukanipigia simu. Nikashtuka, brashi yenye rangi ya waridi ikachapa dari chini ya mkanda. Nikafuta na kitambaa, doa likazidi kutanuka.

Kabla sijalifunika, mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu, na nyuma yake yule mzee wa sayansi aliyenirudisha kwenye kundi la Kilimia mara mbili kwa sababu ya nyota moja tu.

Mzee akalala chali sakafuni. Na suti yake. Mimi huku juu nasali.

Akasema, "Fundi, hili nani alikwambia?"

Nikajua kazi imeota mbawa.

"Mwalimu mkuu, hebu tazama. Kakumbuka hadi wingu la gesi, pale nyota zinapozaliwa. Na liko mahali pake hasa."

Mahali pake hasa, shoga. Doa langu.

Nikajikaza. "Ndiyo mwalimu, nililipima." Nililipima. Mungu anisamehe.

Sasa anataka lingine, karibu na ncha ya pembe ya lile kundi la nyota la Ng'ombe. Dogo, anasema, ila liwe hivyohivyo, kama limetokea lenyewe.

Kesho saa nne nitakuwa nimeshika brashi usawa wa pembe. Nipigie.