Mtama wa Mama

Jumamosi, Oktoba 1996. Majengo, Meru.

Bado naona aibu, ingawa sasa nacheka pia. Leo mchana nilimpeleka mama kwenye ukumbi wa video, angalau asahau ukame wa kwetu Mbeere. Kumbe filamu yenyewe ni ya watu wa mwisho duniani! Miji imekuwa majivu, na wachache waliobaki wanauana kwa sababu ya mkebe mmoja wa maharagwe.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mama akauliza kwa sauti, "Kwani hawa walikula mpaka mbegu?"

Watu walicheka. Nilitamani kuingia chini ya benchi. "Mama, tafadhali, hii ni sinema tu."

"Najua ni sinema. Lakini hakuna hata mmoja wao aliye na mama?"

Tuliporudi chumbani kwangu alifungua lile furushi lake, ambalo asubuhi nililalamika kwamba linachafua shuka yangu nyeupe. Ndani mlikuwa na masuke ya mtama, meusi kwa moshi. Kwetu hutundikwa juu ya meko ili wadudu wasiyaguse.

"Nikikaa nayo nyumbani na njaa hii, siku moja nitayapika," alisema. "Wewe niwekee. Mvua ikianza, uniletee nipande."

Amekonda sana. Na hakupika hata suke moja.

Naogopa, mvua ikikosa tena... Lakini jioni hii kuna mawingu mazito upande wa Embu, njia ya kwetu.

Masuke nimeyatundika juu ya kitanda. Shuka nitafua.