Tuzo Yako Ilikuwa ya Ubeti Upi?

Bellevue, Johannesburg
15 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Mwanaharusi,

Assalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa ubishi? Mimi presha ipo, lakini nakula na nagomba, kwa hiyo mzima. Nasema mimi, anaandika mjukuu wetu Shufaa. Nimemkataza kulainisha maneno. Simu sitaki, simu ndiyo iliyotutia fitina.

Harusi ya Samira huku Johannesburg ilijaa, pilau ikatosha, alhamdulillahi.

Sasa taarabu. Zamani kwetu Tanga mtu akiguswa na ubeti anainuka, anacheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, anamtunza noti, na shingo yake inakuonyesha anayepigwa kijembe ni nani. Ukigeuka mnaonana jicho kwa jicho. Siku hizi haondoki mtu kitini. Wote wameinua simu kama wanamulika mwizi, na mwimbaji, Tabia, anaiimbia simu iliyosimamishwa mbele yake. Nikaambiwa nanyi wa Tanga mnatazama humo humo, na kutunza mnatunza kwa simu. Haya.

Tabia akafika ubeti wa mtoto aliyehamia mbali, mama yake akazikwa na wengine. Hapo hapo mshereheshaji akapaza sauti: "Tuzo kutoka Tanga! Bi Mwanaharusi!" Ukumbi ukaguna. Jirani yangu Thérèse, Mkongo asiyejua kunyamaza, akaniinamia: "Eish, Mama Duni! Ule mudogo yako anakupiga mbele ya watu, na hata haiko hapa!"

Shufaa anakutetea. Ati mtandao huchelewa, tuzo yako ilikuwa ya ubeti uliotangulia, wa kumsifu bibi harusi. Huenda. Lakini nakujua tangu unatambaa: wewe hutunzi ovyo.

Mama ulimuuguza peke yako. Mimi sikuja hata kuzika, nikasingizia sina karatasi za kusafiria. Karatasi nilikuwa nazo, Mwanaharusi. Niliogopa kukiona kitanda chake kitupu.

Kama tuzo ilikuwa ya bibi harusi, nimekudhania vibaya, unisamehe. Kama ni ya ubeti ule mwingine, una haki. Ila jibu usimpe Nassir aliyekuletea barua hii, wala usinitumie kwenye simu. Mwezi wa Rajabu nakuja. Utaniambia nimekaa mbele yako, nakutazama.

Msalimie mumeo Mahmoud, na binti yako Mayasa mwambie aolewe basi. Mwenyezi Mungu akutunzie macho na magoti.

Dada yako akupendaye, hata akikushuku,
Duni