Hodi Namba Sabini na Saba

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Mama anasema umekonda, na mama hajawahi kukosea kilo za mtu. Mimi mzima, macho tu yanawasha kwa kukodolea skrini. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na leo sina nguvu za kugombana.

Kuna jambo kazini linaninyima raha. Unajua kazi yetu: kompyuta moja kubwa tumeigawa, ndani wanakaa wapangaji kibao, kampuni zinazokodi sehemu kwetu, na kila mmoja anaamini nzima ni yake. Mpangaji akitaka kitu asichoweza kujifanyia, anapiga hodi, kila ombi na namba yake. Kerneli, kiini cha mfumo mzima, ndiyo inayosikia. Hodi nyepesi inazimaliza yenyewe, nyingine inazipandisha kwenye programu yangu, iliyo nje ya kerneli. Programu yangu inasoma ombi, inaamua, inarudisha jibu. Namba isiyoijua inaijibu "haipo", na mfumo unatunza rekodi kwamba imepigwa.

Sasa kuna mpangaji anapiga hodi zote. Moja, mbili, tatu, anapanda tu, kama mtu anayejaribisha funguo kwenye mlango wa jirani. Nikamwonyesha Miwani, fundi mwenzangu anayekagua kila ninachoandika. Akasema, "Achana naye, anajifunza." Jamani, mtu anajifunza kupiga hodi? Machale yamenicheza.

Niambie wewe unaonaje.

Dada yako

9 Machi

Shikamoo dada,

Mimi sijambo. Nimekonda kwa sababu najipikia mwenyewe, na mpishi hana kipaji. Mwambie mama asinitie presha.

Huyo Miwani si ndiye aliyetusaili siku ile tulipoomba kazi pamoja? Wewe ukapita, mimi akaandika sifai. Yameisha hayo, sina kinyongo. Ila mtu anayekuambia "achana naye" mwangalie mara mbili.

Nikuulize kifundi tu. Mpangaji anaweka ombi lake kwenye kumbukumbu yake mwenyewe, sivyo? Programu yako inalikagua likiwa bado kwake, au inalinakili kwanza ndipo inakagua?

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru una uhai na mdomo.

Swali lako zuri, ndiyo maana nasema siku zote walikosea kukuacha. Inakagua urefu wa ombi likiwa kwake, ikiridhika inanakili. Kwa haraka ya wakati ule niliona inatosha. Mpangilio huo tunaujua mimi na Miwani tu, na sasa wewe, kwa hiyo uishie kwako. Ya kazini hayaruhusiwi kutoka, ila wewe si wa nje.

Kula, tafadhali.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi siyo, sikufichi.

Yule mpangaji ameingia. Anaandika urefu mdogo, programu yangu inaukagua, inaridhika. Kabla haijanakili, yeye anaubadilisha unakuwa mkubwa ajabu. Programu yangu inausoma tena bila kuukagua, inamrudishia jibu la urefu huo, na kwa kuwa inahudumia wapangaji wote, jibu limezoa na vya jirani yake. Jirani ni zahanati. Majibu ya vipimo vya watu, mdogo wangu. Kuna mama mmoja mjamzito nimeona vipimo vyake wakati wa kuchunguza, sikuweza kula mchana.

Bosi anasema huyu hakubahatisha, alijua mpangilio. Macho yote yako kwa Miwani. Ameambiwa asiguse kompyuta, anakaa mezani anafuta miwani yake. Bosi anataka neno langu tu, amfukuze. Miwani ana mke anayeumwa na watoto wawili shuleni. Lakini kama si mimi niliyetoa siri, ni nani zaidi yake?

Dada yako

3 Aprili

Shikamoo dada,

Pole sana. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikwambia. Toa neno lako kesho asubuhi, usimwonee huruma, yeye hakunionea mimi.

Umeshaziba? Umezibaje?

Mdogo wako

7 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeziba: sasa tunanakili kwanza, tunakagua nakala yetu, na cha mpangaji hatukisomi tena.

Bado kitu kimoja kinanikera. Bosi amenilazimisha kufungua hodi mpya ya ukarabati, namba sabini na saba, na hiyo haikaguliwi kitu mpaka mwisho wa mwezi. Hata Miwani hajui. Omba Mungu asiipige mtu.

Neno langu kwa bosi nitalitoa wiki ijayo.

Dada yako

15 Aprili

Hodi namba sabini na saba haipo. Haijawahi kuwepo. Sikuiandika kwenye programu wala sikumtajia kiumbe yeyote, niliiandika kwenye barua yako tu.

Jana imepigwa. Safari hii mpangaji yuleyule, ambaye bosi alikataza tusimtoe ili tumnase, hakupanda ngazi, moja, mbili, tatu. Ameirukia moja kwa moja, akajibiwa "haipo", akarudia, akajibiwa vilevile.

Unajua kilichonishtua kwanza? Nilikuandikia habari ya zahanati na yule mama mjamzito, ukajibu siku ya pili tu, na hukuuliza hata neno moja juu yao. Uliuliza nimezibaje. Nikasema moyoni, hapana, huyu ni mdogo wangu, nina roho mbaya. Nikakutegea nikiomba nikose.

Bosi hakungoja neno langu, Miwani ameambiwa Ijumaa ni siku yake ya mwisho. Njoo mwenyewe kabla ya hapo, useme kwa mdomo wako. Nitasimama nawe.

Dada yako

17 Aprili

Shikamoo dada,

Ni mimi. Nilipanga kwenu kwa jina la kampuni ya rafiki. Sikumuuzia mtu, sikumwonyesha mtu, naapa. Nilitaka siku moja nimwekee bosi wako ushahidi mezani nimwambie, huyu ndiye mliyesema hafai, ameingia kwenu. Unajua ilivyo kila sikukuu mama anawasimulia wageni kazi yako, halafu ananigeukia na kusema, "Na huyu naye atapata"? Nimechoka kuwa "na huyu naye".

Taarifa za zahanati nimezifuta. Siji. Nikija ndiyo basi, hakuna atakayeniajiri tena. Miwani ni fundi mzoefu, atapata pengine. Wewe nyamaza tu, dada, sikuombi kusema uongo. Mimi ni damu yako. Yeye ni nani kwako?

Mdogo wako

18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisi, nikakaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Kisha nikapanda kwa bosi.

Aliniuliza mpangaji huyo aliujuaje mpangilio. Nikasema nilimwambia mimi. Akauliza namjuaje. Nikasema nimembeba mgongoni huyu, nimemfundisha kusoma. Akanyoosha mkono, nikampa kadi yangu ya mlango. Haki yake.

Miwani alikuwa anafunga sanduku lake, akaambiwa alifungue. Hakunitazama. Nilimwambia samahani mbele ya wote, akasema, "Haya," akakaa.

Wachunguzi wa ofisi watakuja kwako Jumatatu. Nimekukasirikia mpaka kifua kinauma, na nitakuwepo watakapofika, nikae upande wako wa meza. Kazi sina, kwa hiyo nafasi ninayo. Mama bado hajui. Mpigie leo umwambie wewe, asije akaambiwa na mtu mwingine.

Dada yako