Minazi Uliyoitoa Mahari

Kwako wewe uliyekuwa mume wangu, uliyeko Pangani,

Salamu ni haki ya Mungu, kwa hiyo sikunyimi. Mengine yote nakunyima. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile alizonifundisha marehemu baba, ambazo wewe ulizoea kuzicheka ukisema zimelala chali. Zimelala, lakini utazisoma. Na kama macho hayakusaidii, mtafute mtu akusomee kwa sauti, hapo hapo barazani mbele ya marafiki zako. Mimi sina la kuficha.

Mjumbe wako alifika Mkange juzi, nimekaa uani namenya mihogo. Hakutaka hata maji. Alisimama mlangoni akasema kama kasuku: "Bwana anasema hivi: ardhi ni yako, hana neno nayo. Ila minazi ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipanda. Basi anaoa, na minazi ameitoa mahari. Baba wa bibi harusi anakuja kuitazama." Nikamwambia arudie. Akarudia vile vile. Nikacheka mpaka kisu kikanidondoka, na alipokwisha kwenda kicheko kikaniisha, maana nilijua una pa kushikia. Huku kwetu pwani udongo unaweza kuwa wa mtu mmoja na mti uliosimama juu yake ukawa wa mwingine, wa yule aliyeupanda, na mwenye mti ana njia ya kuingia na kutoka, kukwea na kuangua, hata kama mwenye ardhi amelala ndani mgonjwa. Wakwe zako wangepita juu ya mihogo yangu mpaka nife. Nami sina shamba jingine. Hili ndilo alilonirithisha baba, hili ndilo linalonilisha.

Lo! Una macho makavu wewe bwana.

Nakumbuka ulivyokuja Mkange mara ya kwanza. Ulitoka Bagamoyo mjini na kanzu ya kuazima, imekuzidi mikono, ukawaambia wazee wetu kwamba watu wa kwenu wote ni manahodha. Hukusema kwamba wewe mwenyewe ulikuwa ukitapika chombo kikiwa bado kimefungwa. Hilo nililijua baadaye, kwa mama yako. Baba alikutazama kwa muda, akaniambia pembeni, "Huyu ana maneno mazuri." Mimi nikadhani anakusifu.

Nilikupenda, siwezi kusema uongo. Mwaka wetu wa kwanza wa mtama tulikaa dunguni toka alfajiri kuwinga ndege, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuona ukiimaliza, kwa sababu ni kazi ya kukaa na kupiga kelele. Ulipiga kelele mpaka sauti ikakukauka, ukawa unaninong'oneza, "Mwambie yule ndege mweusi nimemwona." Nilicheka mpaka ngazi ya dungu ikatikisika. Na nilipougua homa ulikaa mwenyewe juu ya mbuzi ukakuna nazi, jirani wanakuchungulia, ukanipikia uji wa tui. Ulikuwa na mchanga uji ule. Niliunywa wote. Hata leo nikiukumbuka moyo unanilegea, na ndiyo maana sipendi kuukumbuka.

Kisha serikali ikatukumbuka.

Alikuja yule mtu wa serikali juu ya punda, mwavuli kichwani, nyuma yake mapagazi wamebeba miche ya minazi. Kijiji kizima kikakusanyika. Akasema huko Unguja wakubwa wanatupenda, wanataka kila mwenye shamba awe na miti yenye thamani. Tusing'oe mihogo wala mtama, tupande minazi humo humo katikati, ikikua tutakula juu na chini. Miche ni bure. Mche utakaokufa, watatuletea mwingine. Na ushuru tutasamehewa mpaka minazi izae. Maneno matamu! Wewe ulikuwa mbele kabisa unaitikia kila neno, "Naam, bwana. Naam, bwana," utafikiri mlikutana kabla.

Mashimo niliyachimba mimi. Wewe ulikuwa na mgongo. Sijui mgongo gani ule, ulikuwa ukiuma jembe likitajwa na kupona wali ukiiva. Siku mtu wa serikali alipokuja kushuhudia upandaji nilikuwa nimejaa udongo mpaka magotini. Akauliza, "Nani mwenye shamba?" Nikafungua kinywa. Wewe ukasema, "Mimi."

Hukunitazama hata kidogo. Ukaniambia, "Mke wangu, nenda kamtengenezee mgeni chakula." Nami nikaenda, kwa sababu mume haumbuliwi mbele ya mgeni, ndivyo nilivyofunzwa. Nilikuwa jikoni napepea moto huku nakuona kupitia ukuta wa makuti. Umenawa, umepanga kanzu vizuri, unapokea mche kwa mikono miwili, unauweka shimoni, na yule bwana anasema, "Mashaallah, mkono wa baraka huo." Alikuvisha kilemba cha ukoka nawe ukainamisha kichwa kikae vizuri.

Nilikwambia kabla, tia majivu na chumvi shimoni, hapa pana mchwa. Unakumbuka ulivyonijibu? "Serikali haikusema majivu." Nikakwambia shimo bado kifusi kimejaa, mche umekaa juu juu. "Serikali haikusema." Serikali haikusema! Kama vile mchwa wa Mkange nao walikuwa wanasubiri amri.

Mchwa wakaila miche karibu yote. Iliyobaki nguruwe wakaing'oa. Mvua za masika zilipokatika hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama, ilikuwa mihogo mitupu kama zamani. Nawe ulifanya nini? Ulikaa barazani kuingoja serikali ilete mingine, kwa sababu iliahidi. Kila mgeni akitokea njia ya kusini unanyoosha shingo. "Watakuja tu. Wale ni watu wakubwa, hawasemi uongo." Mpaka watoto wa jirani wakikuamkia wanakuuliza kama wamekuja. Ukachoka kungoja, ukasema unakwenda mjini kuwakumbusha. Ukakaa huko mavuno yakapita, ukirudi na hadithi za watu uliokunywa nao kahawa. Kumbe ulikuwa pia ukipita Pangani, lakini mimi nilikuwa mtu wa shamba, njia za mjini nitazijulia wapi?

Ndipo nilipochukua nazi za mnazi wa mama yangu, ule ulio karibu na kisima, nikazilaza kivulini mpaka zikachipua. Mvua zilipoanza nikapika chungu cha wali, nikawaita wanawake wenzangu. Walikuja na majembe yao na watoto mgongoni. Walichimba nami, wakaleta majivu ya mafiga yao, na katika kila shimo mche niliuweka mimi mwenyewe. Mama Mwanaidi, jirani yetu, ndiye aliyesisitiza. Alisema, "Weka wewe, dada, sisi tutatazama." Mimi nikadhani ni mzaha wa shambani tu. Yeye alikuwa amekwisha kukujua.

Uliporudi uliikuta imeota, ukapita katikati yake mikono nyuma, ukasema, "Umeona? Nilikwambia serikali italeta." Nilitaka kukujibu. Ulikuwa umechoka na safari, nikaona kesho. Kesho yake ukajisifu kwa wazee msikitini, nami nikaona haya kukuumbua. Ikaenda hivyo, siku juu ya siku, mpaka nadhani hata wewe ukasadiki.

Minazi ilipofika kiunoni ukaondoka moja kwa moja. Talaka ukaituma kwa mdomo wa mchuuzi wa chumvi. Maskini yule mtu, alipima chumvi yangu kwanza, akanipa, akapokea chake, ndipo akasema ana maneno mengine. Hata yeye alikuwa na haya kuliko wewe. Nikakaa eda yangu, nikatoka, nikashika jembe.

Minazi ilipozaa, wa kwanza kuja walikuwa watu wa ushuru. Miche ilipokufa hatukuwaona. Nguruwe walipokuja hatukuwaona. Dafu la kwanza halijakauka maji, hao mlangoni, wanaitazama minazi yangu na kuisifia serikali. Nikawaza, kumbe uliwapenda kwa sababu mnafanana. Wa pili ukawa wewe.

Sasa sikia habari ya mkweo. Alifika jana asubuhi na punda wake, mzee mstaarabu, ndevu nyeupe, hakupita uani mpaka nilipomkaribisha. Nikamwamkia kwa adabu, nikampa maji, nikamkunia nazi, nikampikia. Alipokwisha kula akasema, "Binti yangu, nimekuja kuitazama minazi ya mkwe wangu."

Nikamwambia, "Mzee wangu, minazi ya mkweo ililiwa na mchwa. Nenda kawaulize."

Akanitazama. "Hii ninayoiona?"

"Hii ni yangu."

"Yeye ameniapia kwamba aliipanda kwa mkono wake."

Nikamtuma mtoto wa jirani, na wanawake wakaja, Mama Mwanaidi mbele. Sikuwaambia neno. Mzee akawauliza mmoja mmoja, kwa upole, nani aliyeweka mche shimoni, na nazi zilitoka wapi. Wakamjibu. Mama Mwanaidi akaongeza kwamba wako tayari kwenda naye kwa kadhi na kula yamini, leo leo, akipenda punda wake atangulie. Kisha akamwambia, "Yule bwana alichopanda hapa ni makalio yake barazani." Astaghfirullahi, nilimkanya. Lakini nilicheka.

Mkweo hakucheka. Alizunguka shamba peke yake, anashika shina hili, anashika lile, akarudi akaketi. Nikadhani atasema posa imevunjika, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Akasema, "Mwanangu amekwisha kumpenda. Nilimkataza mapema, hakusikia. Anasema mtu yule ana maneno mazuri."

Basi furaha yangu ikakatika hapo hapo. Nikauona uji ule wenye mchanga, na msichana nisiyemjua anaunywa wote. Wewe nilikuwa nimekudharau toka zamani, dharau hiyo haikunipa kazi. Lakini mtoto wa watu amenikosea nini? Keshokutwa utamchimbisha mashimo, na mgeni akiuliza nani mwenye shamba, utasema wewe.

Nikamuuliza mzee kama bintiye ana kiwanja. Akasema kipo, amempa kando ya nyumba, ni chake. Nikaenda chini ya mnazi wa mama, nikachukua nazi zilizochipua, nikazipanga katika makapu mawili, tukamtwisha punda. Na maneno niliyompa mzee ayafikishe kwa bintiye ni haya. Achimbe kina kirefu. Atie majivu na chumvi. Awaite wanawake wa mtaani awapikie, wakae watazame, kisha aweke miche yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mmoja baada ya mmoja, na ndoa isifungwe mpaka amekwisha kupanda. Mumewe akitaka kusaidia, amwambie akawinge ndege.

Mzee aliyarudia maneno hayo mara mbili ili asiyapoteze njiani. Kisha akaniombea dua ndefu, ambayo hukuombewa wewe.

Basi hiyo miche si mahari. Mahari utaitafuta mwenyewe kwa jasho, nalo jasho hamjuani. Hiyo ni zawadi kutoka kwangu kwa mke mwenzangu ambaye hatujakutana, na mzee ameipokea mbele ya mashahidi. Punda wake ni mwepesi kuliko mchukua barua wangu, kwa hiyo utakapokuwa unasoma hapa itakuwa imekwisha kufika. Utaikuta uani kwa mkweo, imepangwa kivulini.

Usiiguse.

Mimi niliyekuwa mke wako,
mwenye ardhi na mwenye minazi,
Mkange.