Amezidiwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima maji ya Lea kabla ya kwenda kazini. Jagi la bluu, mstari wa wino ubavuni. Maji yake yote ya siku, pamoja na chai na mchuzi, yasiupite mstari huo. Figo hazitoi tena kinachoingia. Mwanamke aliyekulia Gulwe akifukua mchanga wa mto ili apate ndoo moja, leo ana bomba uani na mume anayemnyima maji. Kila asubuhi ananichukia kidogo, kisha anasamehe. Sijamlaumu.

Mchana nilikuwa Chimwaga, ukumbi wa chuo chetu, mkutanoni na wanafunzi wanaotaka kusoma muhula mmoja ng'ambo. Nimesema ninayoyasema kila mwaka. Si kila kozi inayofundishwa kwa wenzetu iko wazi kwa mgeni. Zipo za wenyeji peke yao. Zipo zinazofundishwa kwa lugha yao. Zipo ambazo ukirudi nazo hapa hazihesabiwi. Chagua kozi kwanza, nchi baadaye. Nauli ya dharura hutolewa mara moja tu, kwa ugonjwa mkubwa au msiba wa nyumbani, basi msiitumie kwa kukumbuka ugali. Wakacheka. Mmoja akauliza kama kuna kozi ya theluji. Nikamjibu kwamba ipo, ila haina mtihani.

Sikuwaambia kwamba binti yangu yuko huko sasa. Eunike anasoma Maji ya Ardhini. Hapa kozi hiyo haifundishwi tangu mwalimu wake astaafu, na bila hiyo hawezi kuifanya kazi anayoitaka. Kwa wageni hufunguliwa muhula huu pekee, na roho yake ni mazoezi ya uwandani yanayoanza mwisho wa mwezi. Asiyekwenda uwandani hajasoma kitu. Kwa kweli aliyemchagulia ni mama yake, zamani, mtoto angali mdogo: "Kasome maji yanajificha wapi, uje utuambie."

Ijumaa, 7 Machi

Eunike amepiga. Baridi. Viazi asubuhi, viazi jioni. Lea amemwuliza kama huko nako wanafukua mchanga. Wamecheka mpaka Lea akakohoa. Hakumwambia kwamba miguu imeanza kuvimba tena. Nami sikumwambia. Hatukushauriana juu ya hilo, na wala haikuhitajika.

Jumanne, 11 Machi

Binamu yangu amefariki. Nimepewa kazi yangu ya siku zote katika ukoo, usemaji wa familia. Nimewapigia watoto wake walio mbali, mmoja mmoja: "Mzee amezidiwa, njooni." Hakuna aliyeuliza amezidiwa vipi. Kila mmoja alisema anakuja.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu aliye safarini hapewi kifo. Hupewa ugonjwa aubebe njiani, kifo akikute mlangoni, penye watu wa kumshika. Nimelitumia neno hilo miaka mingi na sijaona haya. Eunike mwenyewe nilimwambia hivyo babu yake alipofariki, naye akiwa shule ya bweni. Alishuka kwenye basi amekwisha kujifunga kanga nyeusi.

Dada yangu Perisi alinisikiliza nikipiga simu hizo. Tangu nipate udaktari wa chuo hajaacha kunitania. "Daktari wa maneno," akasema. "Wagonjwa wako wote wanakufa."

Jumapili, 16 Machi

Hospitali. Lea ameanguka kanisani wakati wa wimbo wa pili. Maji yamepanda mapafuni. Amewekewa mashine ya hewa. Hanitambui vizuri. Ninaogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Wanamsafisha damu. Daktari hasemi sana.

Nimemwandikia Eunike. Nimefuta, nikaandika, nikafuta. Sikutaka kumtisha wala kumdanganya. Mwishowe nimetuma hivi: "Mama amezidiwa. Tupo naye wote. Tulia, mwombee."

Kila neno ni kweli. Hajajibu.

Jumatano, 19 Machi

Lea ameketi. Ameomba uji. Ameomba na maji, nikampa kijiko. Kisha akauliza, "Eunike hajapiga?"

Simu ya Eunike imezimwa tangu juzi. Nimeiandikia ofisi ya wanafunzi wageni ya chuo cha huko. Wamejibu kwa adabu kwamba habari za mwanafunzi hazitolewi kwa mtu mwingine, hata awe mzazi. Nimemwambia Lea pengine kuna mtihani.

"Mtihani gani unaomzuia mtu kumsalimu mama yake?"

Nimemkasirikia mtoto. Naandika hivyo bila kupunguza.

Ijumaa, 21 Machi

Lea ameruhusiwa, yuko nyumbani. Mnyonge, lakini yupo. Mchana kutwa simu ilikuwa mapajani mwake. Perisi alikuja na maziwa akakaa jikoni, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe sebuleni: "Wasomi hao. Unawapeleka mbali, wanasahau ziwa walilonyonya." Nikamwambia anyamaze. Lea alikuwa ameshasikia. Amegeukia ukutani mpaka jua likazama.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ambayo sitaisahau.

Asubuhi Lea alitaka jua. Nikamtandikia jamvi barazani, akaomba ungo wa mchele achambue, kwa sababu hawezi kukaa mikono mitupu. Mara kilio getini. Si kilio cha mtu aliyejikwaa. Kilio cha msiba, kile kinachoanza juu na kuanguka. "Mama yangu wee. Mama, umeniacha na nani."

Geti likafunguka. Eunike. Kanga nyeusi juu ya koti la baridi, kichwa kimenyolewa, begi limebaki barabarani. Alikuwa ameyafumba macho anavyofanya mwombolezaji, akaja hivyo hivyo mpaka katikati ya ua. Nyuma yake majirani wa mtaa wetu wa Kikuyu walikuwa wameshaanza kukimbia. Mama Yohana wa nyumba ya pili alifika na mkeka kwapani, kanga kiunoni, tayari kwa matanga.

Lea aliuweka ungo chini.

"Unamlilia nani, mwanangu?"

Eunike akafumbua macho. Akamtazama. Akakaa palepale mchangani.

Lea akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yakimtoka na pumzi ikimwishia. "Mama Yohana, rudisha mkeka. Leo sifi, nina mchele wa kuchambua."

Mama Yohana alisema afadhali, maana sufuria zake kubwa zimeazimwa. Watu wakacheka wote, kicheko cha kutetemeka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimtazama mwanangu kichwa kikiwa kitupu, na polepole nikaelewa amelilia ujumbe wa nani.

Jumapili, 23 Machi

Hakwenda mtu kanisani. Eunike amelala mchana kutwa miguuni pa mama yake. Jioni nimemwuliza kwa nini hakupiga.

"Baba, uliandika amezidiwa. Ukaandika mpo naye wote. Ukaniambia nitulie." Alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. "Hujawahi kuniambia nitulie kwa ajili ya mtu aliye hai."

Alizima simu ili asiusikie msiba kwa mtu yeyote kabla ya kufika mlangoni. Akanyoa huko huko, mbele ya kioo cha bweni, peke yake. Ruhusa na tiketi vikamchukua siku kadhaa. Amefanya yote kama tulivyomfundisha. Hakukosea hata hatua moja.

Nauli ya dharura imekwisha. Ndiyo hiyo ninayowatangazia wenzake kila mwaka kwamba hutolewa mara moja. Mwanangu ameimaliza kwa kumzika mama aliye hai. Tiketi ya kurudi ipo, ya Alhamisi. Uwandani wanaanza Jumatatu ya tarehe thelathini na moja, na mwalimu wake ameahidi kumshikia nafasi mpaka siku hiyo, si zaidi.

Anasema harudi.

Jumanne, 25 Machi

Siku mbili za mvutano. Eunike: kozi zipo nyingi, mama ni mmoja. Mimi: nimejaribu kusema, nikaona sina haki ya kusema. Kozi hii haitafunguliwa tena kwake. Analijua hilo kuliko mimi.

Leo Lea ameumaliza mvutano. Alimwita akae jamvini, akakishika kile kichwa kilichonyolewa kwa mikono miwili.

"Nilikusikia tangu getini," akasema. "Bibi yako hakusikia aliyemlilia. Mama yake naye hakusikia. Mimi nimesikia jinsi mtoto wangu atakavyonililia. Nimeridhika. Sasa nenda. Na siku nitakapokufa, usije. Umeshakuja."

Eunike alilia kimyakimya, bila sauti ya msiba. Hiyo alikuwa ameshaitoa.

Kisha Lea akanigeukia. "Na wewe, Baba Eunike. Siku hiyo umwambie nimekufa. Usimpe mtoto ugonjwa tena."

Nimeahidi.

Alhamisi, 27 Machi

Eunike ameondoka na treni ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, kupanda ndege. Lea alitembea mpaka getini akinishikilia mkono. Hakuruhusu mtu amsaidie kusimama. "Nywele zitaota," ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwa mtoto. Eunike hakugeuka. Nilimkataza mimi. Sijui kama nilifanya vema.

Jumatano, 2 Aprili

Picha kutoka uwandani. Eunike amevaa kofia ya chuma, ameshika bomba refu lililojaa udongo, tabaka juu ya tabaka. Lea ameitazama muda mrefu. "Mchanga," akasema, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Akaniomba maji. Yalikuwa yamefika kwenye mstari. Nikampa hata hivyo, kidogo. Alikunywa akinitazama kwa pembeni, kama mwizi anayemtazama mwizi mwenzake.

Jumanne, 8 Aprili

Lea amekufa leo alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakukuwa na maneno.

Perisi alipofika alinikuta nimeketi na simu. "Mwandikie amezidiwa," akasema kwa mazoea, kisha akajishika mdomo.

Miaka yote nimesimama mbele ya watu, harusini, makaburini, ukumbini Chimwaga, na sijapungukiwa na neno. Leo nilihitaji mawili tu. Yalikuwa mazito kuliko hotuba zangu zote. "Mama amekufa." Niliyatazama. Yapo uchi. Hayana "kututoka" wala "kupumzika" ya kujifunika. Nikaongeza "leo alfajiri", nikatuma kabla mkono haujanikana.

Jibu lilikuja baada ya kitambo. "Kweli, Baba?"

"Kweli."

Baadaye sana akaandika tena: "Sijazima simu."

Alhamisi, 10 Aprili

Tumemzika Gulwe, kwa wazazi wake. Wazee walipokea salamu zetu kwa upole. "Mbukwa," wakaitikia kwa lugha ya kwao. Mvua zilikuwa zimepita vizuri huko. Wachimbaji walipofika kimo cha kifua, udongo ukawa mchanga wenye unyevu, wakasimama wakaulizana kwa macho. Niliwaambia waendelee. Angependa.

Nilizungumza kwa niaba ya familia. Nilipofika mahali pa kuwataja watoto, mnong'ono ukapita: wa pekee, na hayupo. Mama mmoja akasema, nami nikasikia, kwamba Ulaya hula mioyo ya watu. Nilifungua mdomo kueleza. Perisi alinitangulia. Akasimama palepale alipokuwa ameketi, hakuomba nafasi.

"Mtoto alishalia. Na mama yake alimsikia. Nani wenu atasikia wa kwake?"

Akaketi. Hakuna aliyenong'ona tena. Nimewahi kusema maneno mengi makaburini. Sijawahi kusema lililofika kama hilo.

Jumapili, 13 Aprili

Nyumba ni kubwa mno. Nimepika chai ya watu wawili. Nikainywa yote, kwa hasira.

Jumatatu, 5 Mei

Eunike amemaliza uwandani. Matokeo bado. Anasema nywele zimefika kiasi cha kushikwa na chanuo, na kwamba huko sasa ni masika ya maua, ila anaona kama yanafanya kelele. Kwenye simu huninyamazia kidogo kabla ya kuaga. Namwachia. Kimya hicho si cha kunikasirikia.

Mchana nilikuwa Chimwaga tena, mbele ya kundi jipya. Kozi zilizo wazi, kozi zisizo wazi, zinazohesabiwa, zisizohesabiwa. Nauli ya dharura. Sikutia mzaha wa ugali. Nilikuwa nimefunga makabrasha, nikasimama kidogo, nikaongeza jambo moja. Kabla hujapanda ndege, kaa na watu wa kwenu, mkubaliane maneno. Ugonjwa uitwe ugonjwa. Kifo kiitwe kifo. Binti mmoja mstari wa mbele aliandika. Wengine walinitazama kama mzee aliyepotea njia.

Jioni nimeosha jagi la bluu. Nimesugua kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga. Mstari haukutoka.

Nimelijaza mpaka juu, nikaliacha mezani.