Mgongo wa Athmani

Jumatatu, 2 Juni 1947

Kengele, maombi, kukagua kucha. Kisha ile amri mpya: keti, kunja mikono, kimya. Tangu Bwana Ezekieli aje kuwa mwalimu mkuu, watoto hawana ruhusa hata ya kujikuna. Mvua imeleta mbu darasani. Wanaumwa na mikono imekunjwa. Mkuu huyu alikuwa sajini vitani huko Burma na anadhani shule ni kambi. Leo ametutangazia walimu: mkaguzi anakuja wiki ijayo. Mtoto asiyetulia, au asiyejua kusoma, atatolewa, maana wako wengi wanaongoja nafasi. Nimerudi nyumbani Changamwe kichwa kinaniuma kwa hasira. Chai imepoa, sijainywa.

Jumanne, 3 Juni

Nilijua mkuu atamfikia Athmani. Mtoto huyu wa Jomvu Kuu alianza na Kurani, chuoni, kabla ya kuja shuleni kwetu. Sasa yuko darasa la pili, kwangu. Chuoni wote husoma wakiyumba, mbele na nyuma, na mwalimu wao pia. Nimepita pale mara nyingi nikawaona. Ndivyo maneno yanavyomwingia. Kitabu chetu anakisoma kwa mwendo huo huo, na hakuna anayemshinda darasani. Hakuna.

Bwana Ezekieli aliingia katikati ya somo. Akamwekea kibao cha kuandikia kichwani, akamwamuru asome. Kufika mstari wa pili kibao kikaanguka. Viboko vitatu. Mtoto hakulia. Mimi nimesimama na chaki mkononi kama mjinga.

Jumatano, 4 Juni

Nilikwenda ofisini kwa mkuu. Nikamwambia mtoto anasoma vizuri, auache mgongo wake. Akanijibu, "Mwalimu Salome, asiyeweza kuutuliza mwili hawezi kuituliza akili." Tena mambo ya chuoni yabaki chuoni. Muda wote huo mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya meza, hata kikombe kinalia kwenye kisahani. Nilitaka kumwonyesha. Nikanyamaza. Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Ijumaa, 6 Juni

Kila siku kibao kichwani. Nimechoka kusikia kinavyogonga sakafu.

Baba yake Athmani alikuja baada ya swala. Mzee Shee, hamali wa bandarini Kilindini, mabega mapana, sauti ya chini. Nilidhani amekuja kugomba. Nilitamani agombe. Kumbe amekuja kutushukuru.

"Mwalimu, nimesikia mwataka atulie. Nami nyumbani namtia kifuu cha nazi kitwani akisoma. Wallahi sasa hatikisiki. Mumsaidie tu, asije akatolewa skuli."

Aliniangalia kwa heshima, kana kwamba sisi tunajua tunalofanya. Nikasema ahsante. Ndilo neno lililonitoka. Nimelala kitandani saa hizi na neno hilo bado linanichefua.

Jumanne, 10 Juni

Athmani hayumbi tena. Wala hasomi. Anashika benchi kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa, mgongo umenyooka, macho kwenye ukurasa. Neno la kwanza, la pili, kisha kimya. Mkuu alimpapasa kichwa akasema sasa huyu ni mwanafunzi. Ningekuwa mwanamume ningempiga. Naandika hivi na siombi msamaha.

Alhamisi, 12 Juni

Mkaguzi amekuja na kuondoka. Kwangu hakukaa sana. Akasifu utulivu wa darasa. Akamchagua Athmani asome, kwa kuwa ndiye aliyeketi wima kuliko wote. Mtoto akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikamwambia, "Athmani, mwanangu, soma kama chuoni." Akamtazama Bwana Ezekieli, asithubutu. Mkaguzi akacheka kidogo. Ameketi vizuri lakini hajui kitu, akasema, akaenda zake.

Jioni nikaitwa. Athmani anatolewa mwisho wa wiki ijayo. Mzito wa kichwa, kasema mkuu. Mzito. Tumemchukua msomaji bora kuliko wote, tukamfunga kama mbuzi, kisha tunamfukuza kwa sababu hatembei. Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia hivyo hivyo, na mlango wake nikaubamiza. Naye anifukuze na mimi akitaka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetembea hadi Jomvu Kuu na kitabu cha kusomea. Mzee Shee alinikaribisha barazani, mkewe akaleta kahawa ya tangawizi. Nikawaeleza. Mtoto alikuwa akisoma, kibao na kifuu ndivyo vilivyomziba. Mzee akaweka kikombe chini.

"Basi nimemuumiza kwa mkono wangu mwenyewe."

Nikamwambia si yeye, ni sisi. Akamwita mwanawe.

Athmani aliketi mkekani, wima, kama alivyofundishwa. Hakusoma. Nikaketi kando yake, mimi binti wa mwinjilisti wa Rabai, nikafungua kitabu nikasoma nikiyumba. Mzee Shee akaketi upande wa pili akayumba naye, herufi moja haijui. Mkewe akajifunika uso kwa leso akicheka. Tukaendelea. Nilianza kuona aibu, majirani wanapita wanatazama. Kisha nikahisi bega la mtoto likisugua langu, likienda na kurudi. Sauti ikafuata.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwomba mkuu jambo moja tu. Asimame nje ya dirisha la darasa langu, atupe mgongo, asikilize. Sikudhani atakubali. Labda amechoka nami. Athmani akasoma ukurasa ambao bado hatujaufikia, mpaka mwisho. Mkuu akauliza kutoka nje, "Nani huyo?" Akageuka, akamwona anavyoyumba, akatazama muda mrefu.

"Abaki," akasema. "Lakini akae nyuma kabisa, wageni wasimwone."

Hasira ilinipanda tena. Nikaiacha ipite. Nimemhamishia benchi la nyuma, na kutoka mezani pangu nakiona kichwa chake kikienda na kurudi. Kabla ya kengele, wenzake wawili wa benchi lile nao walikuwa wameshaanza. Niliwaacha. Nilifuta ubao nikaandika somo la kesho.