Waliozaliwa Tarehe Moja Julai

Jumatatu, 3 Machi
Nimefunga hesabu za wiki. Excel yangu imekubali mara ya kwanza. Miaka kumi na moja naijenga, na ndiyo inayoendesha SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, hapa Njoro. Mchana meneja katutangazia: inaondoka. Ndeshi, aliyeajiriwa juzi tu, kaleta programu huria. Haina ada ya leseni, msimbo wake uko wazi, yeyote duniani anaweza kuurekebisha. Bodi imempigia makofi. Mimi hawajawahi kunipigia.

Alhamisi, 6 Machi
Namwonea wivu. Basi, nimeandika. Hata wakinamama wa Kilema sasa wanamwita yeye "mwanangu". Walikuwa wakiniita mimi.

Jumanne, 11 Machi
Wanachama wote wamehamishiwa kwenye mfumo mpya. Nimepitia orodha peke yangu, nimeona kosa. Wazee wetu wengi hawajui walizaliwa lini, kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikiwaandikia tarehe moja Julai. Programu imekuta Anna Mosha wawili, wote wa Kilema, wote wa moja Julai, mwaka mmoja. Ikawafanya mtu mmoja. Mimi nawajua. Mmoja kihamba chake, shamba la ukoo, kiko juu karibu na misheni, mwingine ni mjane wa kule chini mtoni.

Nimefunga ukurasa. Sijasema. Acha Ndeshi aumbuke.

Ijumaa, 14 Machi
Mjane kaja asubuhi. Anataka akiba yake, mjukuu kalazwa. Kwenye mfumo hayumo, yumo Anna Mosha mmoja tu, yule wa juu. Kasimama dirishani na kitambulisho mkononi, kamuuliza Ndeshi, "Mwanangu, kwani mimi nimekufa lini?" Watu wamecheka. Yeye hakucheka.

Mchana meneja kafoka mbele ya wote. Ndeshi kajibu, "Ni kosa langu, bosi." Niliisubiri siku hii. Sijafurahi hata kidogo, na hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 18 Machi
Mjane alipata akiba yake Jumamosi. Ndeshi kairekebisha programu, sasa haiunganishi watu bila kumuuliza karani kwanza. Marekebisho kawatumia waundaji wake huko nje, wameyapokea. Jina lake liko pale, dunia nzima inaliona. Na kosa nililiona mimi kwanza! Roho inaniuma. Chai aliyonimiminia Ndeshi nimeiacha ipoe.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua tangu alfajiri, wateja wachache. Nimefungua kumbukumbu za mfumo ili nijifunze. Zinaandika kila aliyefungua ukurasa. Tarehe 11: jina langu, ukurasa wa Anna Mosha, dakika saba. Mistari michache chini: Ndeshi kaisoma kumbukumbu hiyo hiyo, tarehe 14, saa nne asubuhi. Kabla meneja hajafoka.

Alijua. Na wiki nzima ananimiminia chai.

Nimemwandikia meneja barua, mistari mitatu: kosa nililiona tarehe 11, nikanyamaza, Ndeshi hana hatia. Kesho Jumamosi tunafungua nusu siku. Nitawahi kumkabidhi.